Eti bahati yetu ni kazi ya kukaa

Wiki iliyopita dogo mmoja wa Igoma, hapa hapa Mwanza, kanitumia meseji ndefu WhatsApp. Ni mtu wa programu kama mimi, alipata ajali ya bodaboda mwezi wa tatu, mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti, na ofisi yao bado inamsubiri. Anauliza arudi kazini au aache, atafute wateja wake mwenyewe akiwa nyumbani na ile apu yake ya pembeni nayo ipate muda. Akamalizia na maneno ambayo mimi nimeyasikia mpaka yamenichosha, kwamba kila mtu anamwambia ana bahati kazi yake ni ya kukaa.

Wangu ni wa kulia, chini ya goti pia, miaka sita sasa. Miwili nimeajiriwa, minne najitegemea, kwa hiyo pande zote nimezilala na kuziamkia.

Tuanze na hiyo bahati. Ukinilinganisha na fundi ujenzi au mvuvi, sawa, mimi mkono na kichwa vipo na laptopu haiulizi una miguu mingapi. Ila kukaa ndo kitu kigutu (kile kipande cha mguu kilichobaki) hakitaki! Ukikaa saa nyingi goti limekunjwa, misuli ya nyuma inafupika, goti linagoma kunyooka, na goti lisiponyooka mguu wa bandia unauvaa lakini unatembea kama unainama kuokota kitu. Ndo maana wataalamu wa mazoezi wanakukataza kuweka mto chini ya goti na wanakwambia ulale kifudifudi kila siku ili nyonga nayo isikaze. Sasa mtu wa programu anakaa saa ngapi? Mimi mwaka wa kwanza wa kujitegemea nilikuwa navua mguu saa mbili usiku, nakunja kigutu juu ya kiti, nakodi, yaani naandika programu, mpaka alfajiri, na sikuwa na bosi wa kunifukuza nikalale. Goti likakaza. Miezi mitatu ya mazoezi kulirudisha, na ule uchungu nisingependa kuuelezea hapa. Hakuna wa kumlaumu, nilijifanyia mwenyewe.

(Kuhusu hilo neno kukodi, mama mwenye nyumba alinisikia kwenye simu nikisema "nimekodi usiku kucha", asubuhi kaja mlangoni, "Baba, unahama hata kuniaga hutaki?")

Sasa upande wa kujitegemea, kwa sababu sitaki dogo aone naupiga vita. Mimi napanga Igogo, kule juu kwenye mawe, ambako kodi inashuka kadri unavyopanda na bodaboda nazo zinakataa kadri unavyopanda. Kushuka na kupanda zile ngazi kwa mguu wa bandia si mchezo, huwa inatajwa kwamba aliyekatwa chini ya goti kwa ajali anatumia nguvu karibu robo zaidi kutembea, wa juu ya goti inapita nusu, na hizo ni hesabu za sehemu tambarare, hawakuja kupima Igogo. Kufanya kazi nyumbani kunaniokolea hiyo nguvu. Halafu kigutu hakina saizi moja, asubuhi kimevimba, mchana kimenywea, unaongeza soksi ya pili, jua likiwaka unatoka jasho ndani ya soketi (lile kombe la mguu wa bandia kinamoingia kigutu), ngozi inachubuka, na ikichubuka dawa ni moja tu, vua mguu ukae bila mguu siku mbili tatu. Ukiwa nyumbani unavua, kazi inaendelea. Ofisini unaomba ruhusa, na ukiomba mara ya nne mwezi huo huo unaanza kuona nyuso zinabadilika hata kama hakuna anayesema kitu. Na usiku ule mguu usiokuwepo unapoamua kuuma (unauma kweli, vidole kabisa) bora uamke ufanye kitu kuliko kutazama bati.

Tatizo mteja naye hajui habari za ngozi kuchubuka. Watu wanasema frilansi una uhuru wa muda, mimi nasema una uhuru wa kuchagua saa ya kuchelewa, ila dedilaini iko pale pale, na usipopeleka kazi hulipwi. Mshahara ulikuwa unaingia hata wiki niliyokuwa kitandani. Na kuna mambo ambayo ukiwa mzima huyafikirii, mfano Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza 2015, mwajiri ndo anachangia na ukiumia kazini unafidiwa, wewe unayejiajiri chumbani kwako ukianguka na laptopu mkononi imekula kwako. NSSF ya hiari ipo, ndiyo, ila mimi mwenyewe miezi ya njaa ndo huwa ya kwanza kuiruka, tuseme ukweli. Na mguu wenyewe una gharama, hadi sasa nimebadilisha soketi tatu, huo wa bandia mzima unadumu miaka mitatu hadi mitano hivi kisha unaanza upya.

Kuna na upweke. Nimeshakaa siku nne sijashuka, chakula naletewa na mtoto wa jirani, nikajiambia niko bize. Sikuwa bize, nilikuwa nimejificha.

Hapo ndo naingia kwenye miradi ya pembeni, maana dogo anaiona kama starehe ya kuongezea juu ya kazi, na mimi naona ndo inayoweza kukuponya au kukumaliza. Wangu ni kitu kidogo sana, wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba wanatoa mzigo kwa mali kauli, wanaandika kwenye daftari, daftari likilowa deni limekufa, sasa mimi nikatengeneza apu ya kuandika nani kachukua magunia mangapi. Ilinilazimu kushuka. Siku ya kwanza kuijaribisha nimesimama kwenye zile mbao zenye maji, mama mmoja kashika simu yenye kioo kimepasuka, kidole kina magamba ya dagaa, anabonyeza kitufe changu hakikubali, anabonyeza tena, anapata cha pembeni, deni la mtu limefutika. Mimi nimeganda pale naona aibu na kigutu kinapwita. Kaniangalia miguu, kapindua ndoo, kasema, "Kaa mwanangu, deni halikimbii, wanaokimbia ni wadaiwa." Vitufe nikavikuza mara mbili jioni ile ile.

Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza, na mbalamwezi ikikaza taa haivuti kitu, mitumbwi inapaki, watu wanashona nyavu na kulala. Kwa hiyo apu yangu nayo ina siku za giza inatumika mpaka sava inahema, na siku za mbalamwezi haiguswi. Zile siku ndo nafanya marekebisho bila presha, na ngozi ikiwa mbovu nalala tu, hakuna anayepiga simu. Sikuupanga huo utaratibu, ziwa limenipangia, na hakuna mtu Kirumba anamwita mvuvi mvivu kwa sababu mwezi umetoka.

Ila usiku nilioharibu goti nilikuwa kwenye kazi hiyo hiyo. Si ya mteja, ni ya kwangu. Kazi ya mteja huwa ina mwisho, ya kwako unaweza kuikimbilia kila mguu unapokukera mpaka mguu wenyewe ukausahau, na kigutu ukikisahau hakikuachi hivi hivi.

Kwa dogo, basi, mimi naona arudi ofisini angalau mwaka huu. Kigutu kipya kinanywea miezi mingi, soketi ya kwanza haitamtosha muda mrefu, na mwaka wa namna hiyo unataka mshahara. Asiende kama mtu anayeomba msaada, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, kwa hiyo aombe kwa maandishi siku mbili za kufanyia kazi nyumbani na apewe meza kule chini kama ofisi iko gorofani bila lifti. Wakimkatalia hayo yote basi aondoke, nitamuunga mkono, lakini aondoke akiwa na mteja mmoja wa kulipa kila mwezi, siyo na matumaini. Apu yake aiache wazi bila kumwahidi mtu tarehe.

Nilimtumia haya kwa sauti, dakika kumi na moja, kasikiliza, kajibu kitu kimoja tu, ule ubao niliouweka kwenye kiti ili goti likae limenyooka, vipimo vyake vipi. Nikampa. Seremala akate kuanzia nyuma ya kiti mpaka mwisho wa kigutu, aongeze vidole vinne, upana wa shubiri moja, juu sponji, kona apige msasa, na upite chini ya paja ili ukikaa juu yake usiteleze.