Mjomba na Kadi za Herufi 36

Harusi iliyotangulia kwenye ukoo wetu ilizamiwa vibaya. Kadi zilikuwa na namba za kufuatana, na namba 57 peke yake iliingiza watu wanne, kila mmoja na fotokopi yake. Safari hii kamati ikanigeukia mimi, "mtoto wa kompyuta": tutafutie namba ambazo mtu hawezi kuzibuni.

Nikafungua kompyuta yangu ya Mac, nikaandika uuidgen, amri ya kutengeneza UUID, yaani kitambulisho kisichojirudia, nikaiamuru irudie kwa kila kadi. Chai haijapoa, kadi ya kwanza ina yake: 3F8B2C1D-94AE-4D07-B6C5-1E0A7F92D83B. Ndani yake mna biti (sifuri au moja za kompyuta) 122 za nasibu. Mzamiaji anayetaka kubahatisha ajiandae kujaribu mara nyingi kama 5 inayofuatwa na sifuri 36. Nikazihifadhi zote kwenye PostgreSQL, programu ya hifadhidata, maana harusi ni harusi. Nikapendekeza pia alama ya QR, isomwe kwa simu. Mjomba, mkuu wa mlango, akagoma: simu huzima, karatasi haizimi. Basi nikamchapia orodha kutoka kwenye hifadhidata.

Siku ikafika. Ukumbi Sinza, pilau linanukia mpaka kituo cha daladala.

"Tatu... F... nane..." Mjomba anasoma kwa kidole, miwani puani. Akasita. "Mpwa wangu, hebu njoo. Kwenye kadi F kubwa, kwangu f ndogo. Hii feki."

Uuidgen ya Mac hutoa herufi kubwa. PostgreSQL hurudisha ndogo. Waraka wa RFC 4122 wa mwaka 2005, uliokuwa mwongozo wa UUID, ulisema uandike kwa ndogo, ila ukisoma upokee zote. Kamweleze hayo mzee mwenye suti ya kitenge huku foleni imefika barabarani!

Akakubali kwa shingo upande, kisha akagundua jingine: kila kadi ina 4 palepale, mwanzo wa fungu la tatu. Hiyo ni alama ya toleo la nne la UUID, lile la nasibu.

"Hizi zote kazitengeneza mtu mmoja!"

"Ndiyo, mjomba. Ni mimi."

Haikusaidia. Mama mmoja aliyechanga laki mbili alivua viatu akakaa kwenye ngazi. Emsii naye alikuwa nje, maana hakuna aliyekumbuka kumpa kadi. Ndani palikuwa na mpiga picha, wapishi na keki.

Ndipo akatokea kijana wa shati jeupe, mikono mitupu.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona unahangaika peke yako? Lete nikushikie hiyo orodha."

Mjomba akamkabidhi orodha na kalamu, akaenda kupumzisha macho. Kijana akaingiza foleni nzima, emsii akiwemo, bila kusoma hata herufi moja, kisha naye akajitia tiki akaingia.

Kwenye picha ya familia yuko katikati ya mjomba na shangazi. Sisi tulijua ni wa upande wa bibi harusi. Wao walijua ni wetu.