Nani alipie utafiti wa sheria za benki?

Chuo kikuu kinapoanzisha kituo cha utafiti wa sheria za benki na fedha, swali la kwanza huwa pesa, na mara nyingi pesa hizo hutoka kwa wale wale watakaochunguzwa: benki, kampuni za mawakili wanaozitetea na mamlaka zinazozisimamia. Wapo wanaoona hiyo ni kasoro ambayo kituo huzaliwa nayo. Wengine wanasema bila wafadhili hao kituo hakitakuwa na cha kutafiti. Kila upande una hoja, ila hatari kubwa haiko pale wanapogombania.

Sheria za benki kwa sehemu kubwa hazimo katika vitabu vya sheria. Zimo kwenye mikataba, miongozo ya wasimamizi na viwango vya Kamati ya Basel (kamati ya kimataifa ya wasimamizi wa benki), ambavyo havina nguvu ya sheria mpaka kila nchi iviingize kwenye kanuni zake. Anayejifungia maktaba atakisoma kiwango; namna benki inavyokitekeleza hataiona.

Libor, kiwango cha riba kilichotokana na makadirio ya benki kubwa za London na kutangazwa kila siku ya kazi, inalionyesha hilo vizuri. Kwa miaka mingi mikopo na hatifungani za riba inayobadilika zilifungwa kwenye kiwango hicho. Ilipoamuliwa kiondolewe, mawakili walirudi kukisoma kifungu ambacho awali wengi walikipita haraka: Libor isipotangazwa, itumike riba gani? Hatifungani nyingi zilijibu: itumike ile iliyotangazwa mara ya mwisho. Kifungu hicho kiliandikwa kwa ajili ya hitilafu ya siku moja au mbili. Kikitumika baada ya Libor kufa, riba inayobadilika ingegandishwa palepale mpaka hatifungani iive, na upande mmoja ungeumia bila kosa lolote. Marekani ililazimika kutunga sheria mwezi Machi 2022 kuinusuru mikataba ya namna hiyo, kabla ya Libor ya dola kukoma tarehe 30 Juni 2023. Tatizo kama hilo hulioni bila kushika mkataba wenyewe, na mikataba ya mikopo kwa kawaida ni siri ya benki na mteja wake. Kituo kisicho na uhusiano na benki hakitaonyeshwa.

Wanaoona kasoro katika pesa hizo hulalamika kwamba mfadhili hununua maoni. Hilo hutokea, lakini hoja iliyopindishwa ina wasomaji wakali wa kuifichua. Kisichofichuliwa kwa urahisi ni ukimya: mada isiyochaguliwa, makala inayocheleweshwa mpaka mjadala upoe, na mhadhiri anayeshindwa kusema kwa sababu ameshaandika maoni ya kisheria ya kulipwa kuhusu kesi hiyo hiyo.

Tazama lililotokea Uswisi tarehe 19 Machi 2023. Mamlaka ya usimamizi wa masoko ya fedha, FINMA, iliamuru hatifungani za AT1 (aina inayoweza kufutwa benki ikiwa taabani) za benki ya Credit Suisse zenye thamani ya kama faranga bilioni 16 zifutwe zote, huku wanahisa wakipewa hisa za UBS, benki iliyoinunua, za kama faranga bilioni 3. Kwa kawaida mwenye hisa ndiye hutangulia kupoteza. Wiki hizo wawekezaji walihitaji mtu wa kuwafafanulia vifungu vya hatifungani zile na agizo la dharura la serikali, mtu asiye na mteja katika kesi. Oktoba 2025 Mahakama ya Shirikisho ya Utawala iliamua kwamba amri ile haikuwa na msingi wa kisheria, na uamuzi huo nao ukakatiwa rufaa. Angalia pia nani alikuwa mlalamikiwa: msimamizi mwenyewe. Kwa hiyo anayedhani pesa za serikali zinasafisha kila kitu hajalitazama vizuri suala hili.

Kinga iko kwenye mkataba wa ufadhili. Mfadhili aruhusiwe kuona rasimu kwa lengo moja tu, kuhakikisha taarifa za siri za wateja hazikutoka, na apewe muda maalumu, tuseme siku 30. Asipojibu, makala ichapishwe. Bodi ya ushauri ishauri, isipige kura juu ya mada. Pesa za kiti cha profesa ziwekwe kwenye mfuko wa kudumu, kwa maana ufadhili unaohuishwa kila mwaka humfanya mkurugenzi apime kila sentensi anapokaribia tarehe ya kuhuisha. Na kila makala itaje aliyelipa. Chama cha Wanauchumi cha Marekani kiliweka sharti la aina hiyo mwaka 2012: mwandishi ataje kila mwenye maslahi aliyempa jumla ya dola 10,000 au zaidi katika miaka 3 iliyotangulia. Kwa wanasheria ningeongeza maoni ya kisheria yaliyoandikwa kwa malipo, hata yakiwa ya kiasi kidogo.

Njia nyingine ni kuishi kwa ada za mafunzo ya mawakili na maofisa wa benki. Walipaji wakiwa mamia, hakuna mmoja anayeweza kutishia. Uhuru huo una gharama nzito: wahadhiri huishia kuandaa semina za mabadiliko ya kanuni, na utafiti unaohitaji miaka miwili ya kusoma mikataba huachiwa wanafunzi wa uzamivu, ambao ndio wenye ugumu mkubwa zaidi wa kufunguliwa milango ya benki.