Bustani ya Dunvegan na minazi tuliyokatazwa kupanda

Kuna kauli nimeichoka. Kila zikitajwa habari za maskwota wa Pwani ya Kenya, watu wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake, hakosi mtu wa kusema: "Ukiwapa hati leo, kesho wameuza, na mwenye shamba naye umemfilisi." Majuzi niliisikia tena kwenye mazungumzo ya sisi wa Kilifi tunaoishi huku Uskoti, na aliyeisema amezaliwa kwenye nyumba ya makuti juu ya ardhi ya mtu, sawasawa na mimi. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimetoka kutembelea kasri la Dunvegan, kisiwani Skye, hukuhuku Uskoti. Nilishindwa kumjibu pale pale kwa sababu koo lilinikaba, kwa hiyo namjibu hapa.

Waliofika Skye wanaijua Dunvegan: kasri la kijivu juu ya mwamba, bahari miguuni mwake, na ukoo wa MacLeod umo ndani kwa karne karibu nane. Mpaka 1748 hukuweza kuingia ila kwa mlango wa baharini. Ndani utaonyeshwa picha za mababu na ile bendera ya hariri iliyochakaa ambayo ukoo husema waliipewa na majini, na kwamba ikipeperushwa vitani huwaokoa. Nje kuna mashua za kwenda kuwatazama sili. Hayo yote ni mazuri na watoto wangu waliyafurahia.

Mimi nilikwama bustanini. Ni ekari tano, na zilianza kupangwa tangu karne ya 18. Kuna sehemu ya maji, ambapo kijito kinashuka kwa maporomoko madogo kati ya mikangaga. Kuna ya mviringo, yenye uzio mfupi wa majani uliokatwa kwa makini hata utadhani umepimwa kwa rula. Na kuna ile iliyozungushiwa ukuta wa mawe, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa ikilisha kasri mboga. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mtunza bustani mmoja alikuwa amepiga magoti topeni, anapalilia kwa kijisu kifupi: anakichomeka kando ya gugu, anasikilizia mzizi, anaunyanyua mzima bila kuukata, anautupa ndooni, anasogea shubiri moja, anaanza tena. Nilimtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nyuma yake ilisimama miti ambayo shina lake moja watu wawili hawalikumbatii, na nikawa najiuliza ni watu gani hupanda miti ya namna ile. Ni watu wasio na shaka hata chembe kwamba mwakani watakuwa hapohapo, na wajukuu wao pia.

Bibi yangu mzaa mama aliishi kwenye shamba la mtu miaka yote niliyomjua. Alipanda muhogo, mahindi na kunde. Hakupanda mnazi wala mwembe. Mgiriama asiyejua kupanda mnazi yuko wapi? Alikatazwa. Mnazi ni mti wa kudumu, na mwenye mti wa kudumu anaweza kesho akasimama mbele ya hakimu akadai fidia, au akasema hapa ni kwangu. Kwa hiyo msimamizi wa shamba alikuwa na desturi ya kupita nyuma ya majumba yetu akikagua. Nilikuwa mtoto nilipomwona aking'oa mche mmoja nyuma ya jiko la bibi. Ulitoka na nazi yake bado imeshikana na mizizi, na udongo ukamwagika kwenye viatu vyake. Akauweka juu ya banda la kuku. Ulikaukia pale, na bibi hakuugusa. Nyumba nayo ilitakiwa iwe ya udongo na makuti tu. Ukileta tofali umeleta ugomvi. Halafu watu walewale wanaotukataza kupanda na kujenga ndio wanaozunguka wakisema sisi ni watu wa kukaa tu, hatuendelezi ardhi.

Sasa kilichonitoa machozi ni kwamba wakulima wadogo wa Skye waliishi hivyohivyo. Kabla ya 1886 mpangaji wa ardhi kule alikuwa wa kufukuzwa wakati wowote mwenye ardhi akitaka. Ukichimba mtaro shamba likakauka vizuri, kodi inaweza kupanda. Ukijenga nyumba ya mawe, ukiondolewa unaiacha bila senti. Wakaishi kwenye vibanda vya giza, nao wakaitwa wavivu. Maelfu waliondolewa sehemu nyingi za nyanda za juu na visiwa vya Uskoti ili kupisha kondoo. Mwaka 1739 chifu wa Dunvegan mwenyewe, yaani mkuu wa ukoo, Norman MacLeod, pamoja na Sir Alexander MacDonald wa Sleat, walihusishwa na mpango wa kuwateka watu wao wenyewe na kuwasafirisha Amerika wakauzwe utumwani kwa mkataba. Meli ilitia nanga Donaghadee, Ireland, mateka wakatoroka, na kashfa ikajulikana. Hakuna chifu aliyeshtakiwa.

Nitakubali, kwa shingo upande, kwamba hawakuwa wote hivyo. Viazi vilipooza 1846 na njaa ikaingia, chifu wa wakati ule alilisha watu mpaka akafilisika. Akaliacha kasri, akaenda London kufanya kazi ya ukarani. Heshima yake nampa. Lakini tazama watu walipokuwa wamefikishwa: uhai wao wote ulitegemea chifu wa zamu ana moyo gani.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa moyo wa mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wapangaji wa Skye walikataa. Wa kijiji cha Braes walipambana na polisi. Wa Glendale, mwendo mfupi tu kutoka Dunvegan, kwenye ardhi iliyokuwa chini ya mwenye ardhi mwingine, walipeleka mifugo yao kwenye malisho waliyonyimwa, na serikali ikaleta manowari kuwatisha. Kiongozi wao John MacPherson na wenzake walifungwa Edinburgh. Ndipo ikaundwa tume ya Lord Napier mwaka 1883, ikaenda kuwasikiliza wakulima vijijini mwao, na 1886 sheria ikatoka. Mpangaji anayelipa kodi hafukuzwi. Kodi ya haki inapangwa na chombo cha sheria. Shamba linarithiwa na jamaa. Na akiondoka, analipwa kwa alichojenga na alichoboresha.

Hiyo ndiyo sheria ambayo kwetu tukiitaja tunaambiwa itawafilisi wenye mashamba na kufukuza wawekezaji. Basi niambieni, ukoo wa MacLeod ulikufa? Imepita zaidi ya karne moja na robo. Kasri lipo, picha zipo ukutani, bustani inapaliliwa kwa kijisu, na mimi niliyezaliwa skwota nimepanga foleni na kulipa tiketi ya kuingia. Walipata shida, ndiyo. Mwaka 2000 chifu John MacLeod alitangaza kuuza milima ya Cuillin kwa pauni milioni 10 ili atengeneze paa la kasri, na Uskoti nzima ikapiga kelele kuuliza mlima unauzwaje. Lakini shida yake ilikuwa paa linalovuja. Hakuna aliyeweza kuitupia lawama usalama wa mkulima wa ng'ambo ya kilima.

Na hili la "watauza"? Wako waliouza. Skye leo vijana wanalia kwamba vipande vya ardhi vinanunuliwa na watu wa mbali kwa nyumba za likizo. Hilo ni tatizo la kweli na linahitaji kanuni zake. Lakini ukiendesha gari kutoka Dunvegan kwenda Glendale utawaona waliobaki: nyumba nyeupe za mawe, ua, kondoo, nguo kwenye kamba. Na hati ya mwenye shamba kubwa mbona inauzwa kila siku, na hakuna anayesema asipewe?

Kwetu sheria ya 1908 iliwataka watu wa ule ukanda wa pwani wa maili kumi waje na madai ya mtu mmoja mmoja. Waliokuwa wakimiliki kwa jamii, kwa kaya na kwa mbari, wakajikuta nje. Kilichokosa mdai kikawa cha Mfalme wa Uingereza. Uhuru ulipokuja, vikaja miradi ya makazi, na mingine ilisaidia. Lakini hadi leo yupo bibi wa mtu Kilifi anayepanda muhogo kwa sababu mnazi ni hatari.

Najua kesi za umiliki ni ngumu. Zina ukoo huu na ukoo ule, karatasi za mababu, mahakama, rufaa. Sitaki kuzirahisisha. Ninachowaomba wabunge na wawakilishi wa kaunti zetu ni kwamba wasisubiri zimalizike. Wachukue kipande kile cha 1886 kinachohusu fidia na kukitungia sheria sasa: aliyekaa kwenye shamba miaka kadhaa akapanda au akajenga, asiondolewe bila kulipwa thamani ya alichopanda na alichojenga, na kung'oa mche wake liwe kosa. Sheria hiyo haimnyang'anyi mtu hati. Mwenye shamba anabaki nayo, kesi inaendelea, na minazi inapandwa msimu huu wa masika.