Mahipi wamezeeka: je, maisha yao yaliwaandaa?

Mwaka 1964 Jack Weinberg, mwanaharakati wa wanafunzi huko Berkeley, California, alimwambia mwandishi wa habari kwamba katika harakati zao hawamwamini mtu aliyevuka miaka 30. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 24. Kauli ile ikashikwa na kizazi kizima cha mahipi, vijana wa nywele ndefu na shanga shingoni waliokataa maisha ya kawaida ya wazazi wao, wakiwemo wale waliotembea hadi wakafika Lamu miaka ya 1970. Walio hai leo wengi wao wamevuka miaka 70, na vijana wa sasa wanawaita babu na bibi.

Wanaowatetea wana hoja. Mahipi walikula soya na dengu wakati majirani zao wakiwacheka, wakalima bustani, wakazoea kugawana jiko na kulea watoto kwa pamoja. Mzee aliyezoea kuishi na watu ishirini si rahisi kumkuta amekaa peke yake mbele ya televisheni. Hata kifo hawakukionea haya kukizungumza. Mfano wao mkubwa ni Ram Dass, mwalimu wa mambo ya kiroho ambaye awali aliitwa Richard Alpert na alifukuzwa ualimu Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1963. Kiharusi kilimpata 1997, na mtu aliyeishi kwa kuzungumza akawa anahangaika kutafuta maneno. Ilibidi awe mtu wa kusaidiwa. Akaufanya utegemezi huo kuwa ndilo somo lake, akafundisha miaka mingine 20 na zaidi, hadi alipofariki Maui, kisiwa cha Hawaii, mwaka 2019 akiwa na miaka 88.

Mfano mzuri, lakini una kasoro: Ram Dass alikuwa na wafuasi waliomchangia. Hipi wa kawaida, aliyeuza mikufu sokoni na kulipwa mkononi, hana wa kumchangia. Nchini Marekani pensheni ya serikali hudai angalau miaka 10 ya kazi iliyokatwa michango. Aliyeukwepa mfumo alipokuwa na miaka 25 aliona amejikomboa. Akifika 70, mfumo uleule unamuuliza michango yake iko wapi.

Kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko vyote ni The Farm, kijiji cha Tennessee kilichoanzishwa 1971 na msafara wa mabasi kutoka San Francisco ukiongozwa na Stephen Gaskin. Aliyejiunga alikabidhi alichonacho chote kwenye mfuko wa pamoja. Watu wakaongezeka wakapita 1,000, na madeni nayo yakaongezeka. Mwaka 1983 mfuko ukavunjwa: kila mtu mzima ajitafutie kipato na alipe ada ya kijiji. Mamia waliondoka wakiwa wameshafika miaka thelathini na kitu, wana watoto, hawana akiba. Waliokuja na urithi wa wazazi waliondoka mikono mitupu kama waliokuja bila kitu. Kwa hao, sikubaliani na anayesema umaskini wa uzeeni ni uvivu wa ujanani. Walifanya kazi sana, ila hakuna aliyeandika popote kwamba kwa kazi ile wanadai chochote.

Waliobaki wana nafuu. Ardhi bado ni ya jumuiya, hivyo mzee hana mwenye nyumba wa kumpandishia kodi. Lakini nyumba isiyouzika sokoni haimpi fedha ya matibabu siku akihitaji kuhamia kwingine.

Linganisha na jumuiya ya Twin Oaks, Virginia, iliyoanza 1967 na inayoendelea kugawana mapato hadi leo. Hapo kazi huhesabiwa kwa saa, takriban 42 kwa wiki, na kupika, kufua na kumhudumia mgonjwa ni saa halali sawa na kutengeneza tofu (jibini ya soya) ya kuuza. Mtu akivuka miaka 50, saa anazodaiwa huanza kupungua mwaka hadi mwaka. Kat Kinkade, mmoja wa waasisi, alikuwa amekwisha hama. Alipougua saratani jumuiya ilimpokea, akafia huko 2008. Ajabu ni kwamba Twin Oaks haikuzaliwa na mahipi. Waasisi wake walipenda mipango na kanuni. Mahipi walikuja baadaye na kulalamikia kanuni hizohizo.

Kwa hiyo mimi naegemea hapa: kati ya waliokimbia mfumo, waliozeeka salama zaidi ni wale waliojitungia mfumo mwingine, wenye daftari na zamu. Upendo ulikuwepo kila mahali; zamu ya usiku kwa mgonjwa haikuwepo kila mahali.

Hata Twin Oaks haijamaliza hesabu. Saa anazopunguziwa mzee lazima zifanywe na mtu, na katika jumuiya ya watu kama 100 mtu huyo ni kijana. Vijana huja, hukaa miaka michache, hufunga virago. Wazee hawaondoki.