Betri isiyosomeka kwenye Hackintosh: ECEnabler inadharauliwa bure

Laptopu ya mtumba isiyo ya Apple ikishawekewa macOS (ndiyo iitwayo Hackintosh), mteja huanza kuiona kasoro juu ya kioo: kialama cha betri chenye X, au hakipo kabisa. Wi-Fi inashika, sauti ipo, lakini mashine inaamini haina betri. Fundi wa Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, anayeletewa kazi ya namna hii, iwe ya kijana wa studio anayetaka Logic Pro ya kurekodia muziki au mwanafunzi anayetaka Xcode ya kuandikia programu, ana njia mbili: aandike kwa mkono kiraka cha ACPI (majedwali ya BIOS yanayoueleza mfumo vifaa vya mashine), au aweke kiendeshi kidogo kiitwacho ECEnabler. Walioiva kwenye njia ya kwanza huiita ya pili kazi ya kunakili faili. Ni kweli faili inanakiliwa. Ila ukifuatilia kinachotokea miezi sita baada ya mteja kuondoka dukani, dharau hiyo inakosa pa kusimama.

Kuna wanaosema betri isisumbue watu, chomeka chaja ufanye kazi. Kwa mji ambao umeme unaweza kukatika katikati ya mvua ya Machi, ushauri huo ni wa hatari. Mfumo usioiona betri haujui chaji imebaki kiasi gani, kwa hiyo haukuonyi na haulali wenyewe ikikaribia kuisha. Mashine inaendelea kimyakimya hadi izime ghafla, na wimbo uliokuwa unarekodiwa unaondoka nayo.

Chanzo kinajulikana vizuri. Kompyuta za Apple zenye Intel husoma betri kupitia kichipu cha SMC, ambacho laptopu za HP, Dell na Lenovo hazina. Kiendeshi cha VirtualSMC kinakiigiza, na mwenzake SMCBatteryManager inachukua taarifa za betri kutoka ACPI. Taarifa hizo ziko ndani ya EC, kontrola ndogo ya kwenye mazabodi inayoshughulikia chaji, feni na kibodi. Hapo ndipo pana mkwamo: dereva ya Apple husoma EC biti 8 kwa mara moja, wakati watengenezaji wengi wametangaza sehemu za betri kuwa za biti 16, kwa kuwa namba kubwa kuliko 255 haiingii kwenye baiti moja. Mbinu ya _BST, inayorudisha hali ya chaji, kasi, kiasi kilichobaki na volti, ikikutana na sehemu kama hiyo inakatishwa yote. Ndiyo maana huoni asilimia yenye makosa. Huoni betri kabisa.

Kazi ya mkono ni kupasua kila sehemu ya biti 16 iwe mbili za biti 8, kisha kuziunganisha kwa mbinu fupi ambayo kwa mazoea huitwa B1B2. Tuseme baiti ya chini imebeba 0x2C na ya juu 0x10. Ya juu ni 16. Izidishe kwa 256 upate 4096, ongeza 44 ya baiti ya chini, jumla 4140. Hiyo ndiyo mAh iliyobaki. Ukizipanga kinyume unapata 11280, kwenye betri ya seli sita ambayo kiwandani ilitoka na 5200. Faili itapitishwa na iasl, programu inayogeuza msimbo kuwa jedwali la ACPI, bila kulalamika, kwa sababu kisarufi haina kosa.

Sasa zidisha hesabu hiyo kwa sehemu zote za betri, ambazo kwenye laptopu moja zinaweza kufika ishirini au zaidi. Ongeza namba ya utambulisho na jina la mtengenezaji, zenye biti 64 au 128, ambazo B1B2 haiziwezi na zinahitaji mbinu ya kusoma baiti nyingi mfululizo. Sehemu moja ikisahaulika ndani ya tawi la If haijulikani mpaka hali ile itokee, na mara nyingi hutokea mashine ikiwa mikononi mwa mteja.

Bado hatujafika kwenye balaa lenyewe, yaani kubadilisha DSDT nzima, lile jedwali kuu la ACPI. Fundi anaitoa jedwali la mashine, anaitengeneza, anairudisha kwenye folda ya EFI/OC/ACPI ya OpenCore, programu inayoiwasha macOS kwenye mashine hizi, ichukue nafasi ya ile ya BIOS. Siku hiyo kila kitu kinakwenda. Lakini jedwali hiyo imebeba anwani za kumbukumbu ambazo BIOS huziandika upya kila mashine inapowaka, kulingana na RAM iliyopo na mipangilio iliyowekwa. Na mwenye laptopu ya mtumba hufanya nini akipata fedha kidogo? Anaongeza RAM, kutoka GB 4 hadi 8. Anwani zinahama, jedwali ya zamani inaendelea kuuelekeza mfumo kule kule kwa zamani. Mashine inaweza kukwama kwenye nembo ya tufaha, USB zikafa, au ikalala isiamke. Anayeulizwa ni fundi wa RAM, ambaye hakugusa chochote zaidi ya bisibisi na kijiti. Kusasisha BIOS kunaweza kuleta hayo hayo. Ukiwa na mteja aliyekwisha kurudi Makete, jaribu kumweleza kwa simu maana ya OperationRegion.

Mafundi makini watajibu kwamba DSDT nzima ni ushamba, siku hizi unaandika SSDT ndogo tu, yaani jedwali la nyongeza. Wana haki, na kazi yao ni safi kuliko ile. Unabadili jina la _BST kuwa XBST kwa baiti (5F 42 53 54 kuwa 58 42 53 54), kisha SSDT yako inaleta _BST mpya. Lakini OpenCore huingiza mabadiliko ya ACPI kwa kila mfumo unaowashwa kupitia kwake, Windows ikiwemo. Usipoweka sharti la _OSI("Darwin"), linaloitambua macOS, na kuiambia _BST mpya iite XBST pale mfumo usipokuwa wa Apple, Windows nayo inaendeshwa na kiraka ambacho haikukihitaji. Ukiliweka sharti juu ya jedwali zima bila kubakiza njia ya Windows, _BST inatoweka kabisa upande huo. Hapo fundi ameiponya betri ya macOS kwa kuivunja ya Windows.

ECEnabler haigusi jedwali lolote. Inakaa kwenye njia ambayo dereva ya Apple hupita kusoma EC, na ombi la biti 16 au zaidi likija inaligawa lenyewe kuwa baiti moja moja. RAM ikiongezwa hakuna anwani iliyoachwa nyuma. Windows haijui hata kama ipo, maana kiendeshi cha macOS hakipakiwi huko. Kuiweka: ondoa kwanza SSDT zote za betri na mabadiliko ya majina yanayoambatana nazo, ondoa na ACPIBatteryManager kama ipo kwa sababu haikai pamoja na SMCBatteryManager. Weka ECEnabler.kext ndani ya EFI/OC/Kexts. Kwenye config.plist, sehemu ya Kernel, Add, panga mbele Lilu, kiendeshi ambacho vingine hukitegemea, kisha VirtualSMC, SMCBatteryManager na ECEnabler. Washa upya, andika pmset -g batt kwenye Terminal, chomoa chaja, subiri dakika moja, andika tena. Hali isipobadilika kutoka chaja kwenda betri, kazi haijaisha hata kama asilimia inaonekana.

Kiraka cha mkono kina mahali ambapo hakina mbadala. ThinkPad kama T440 na T450 zina betri mbili, na macOS imezoea moja. Kuziunganisha zisomeke kama betri moja ni kazi ya SSDT. Mashine ambayo _STA yake (mbinu inayosema kama kifaa kipo) inaficha betri mpaka ione jina la Windows haiponyeshwi na ECEnabler. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha MUST anayetaka kuielewa ACPI atajifunza zaidi kwa kupasua sehemu tatu kwa mkono kuliko kwa kunakili viendeshi kumi. Hoja ya kwamba kiendeshi kinategemea mwandishi wake akisasishe kila Apple inapotoa toleo jipya ilikuwa nzito zamani. Imepungua uzito tangu Apple itangaze mwaka 2025 kwamba macOS 26, Tahoe, ndiyo ya mwisho kwa Intel. Njia zote mbili zinaishia kituo kimoja, na mteja aambiwe hivyo kabla ya kulipa. Aambiwe pia kuwa leseni ya macOS inaruhusu kompyuta zenye chapa ya Apple pekee. Kama anachotaka ni kuandika barua na kuingia intaneti, Linux itaisoma betri yake bila kiraka.

Kabla ya yote hayo, pima betri yenyewe. Kwenye Windows, powercfg /batteryreport inaonyesha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Kwenye Linux ya faleshi angalia /sys/class/power_supply/BAT0. Betri ya 5200 iliyobaki na 2100 iko kama asilimia 40, na itakufa haraka hata ikisomwa vizuri namna gani. Mfumo wa pili nao usipoiona, acha ACPI, fungua kifuniko uangalie kiunganishi. Ikionekana, nakili folda ya EFI kwenye faleshi ya FAT32 kabla hujagusa kitu, na mteja aondoke na faleshi hiyo mfukoni.