Jayhawk wa Kansas: Tabasamu Lenye Historia

Chuo Kikuu cha Kansas, kilichopo katika mji wa Lawrence nchini Marekani, kina maskoti, yaani kiumbe-nembo cha chuo na timu zake, ambaye hakuna aliyewahi kumwona angani. Jayhawk ni ndege wa kubuni, aliyechanganywa kutokana na ndege wawili wa kweli: jay wa buluu, mwenye makelele na mwizi wa viota, na kipanga, anayewinda kwa kunyemelea. Wengi humpenda kwa sura yake ya kuchekesha. Mimi nashikilia kuwa thamani yake kubwa zaidi imo katika historia aliyoibeba, ambayo baadhi ya mashabiki wameanza kuisahau.

Jina hilo lilivuma katika miaka ya 1850, baada ya sheria ya mwaka 1854 kuwaachia walowezi wa Kansas waamue wenyewe iwapo utumwa uruhusiwe katika eneo lao. Watetezi na wapinzani wa utumwa walivamiana, wakachomeana nyumba na kuporana mifugo, na hapo mwanzo waporaji wa kila upande waliweza kuitwa kwa jina hilo. Si haki, basi, kuwasimulia Jayhawker, kama walivyoitwa watu hao wa kale, kana kwamba walikuwa malaika. Hata hivyo, Kansas ilipokubaliwa kuwa jimbo mwaka 1861, ilikubaliwa bila utumwa, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe jina likashikamana na waliopigania msimamo huo. Gharama yake ilikuwa kubwa: mnamo Agosti 1863, kundi la William Quantrill, kiongozi wa wapiganaji waliokuwa upande wa watetezi wa utumwa, liliivamia Lawrence alfajiri, likaua wanaume na wavulana wapatao 150 na kuteketeza sehemu kubwa ya mji. Miaka mitatu baadaye, katika mji huohuo, chuo kikafungua milango yake.

Sura ya ndege ilikuja baadaye sana, tena kwa mikono ya wanafunzi. Mwaka 1912 Henry Maloy, mchoraji wa vibonzo, alimvisha viatu vizito ili awapige mateke wapinzani, na viatu hivyo ndivyo ninavyovipenda kuliko kitu kingine chochote katika mchoro huo, kwa sababu vinamfanya ndege aonekane ametoka kupigana na yuko tayari kurudi. Wachoraji waliofuata walimbadilisha kila mmoja kwa namna yake. Yule wa 1923 alifanana na bata, na wa 1929 alikuwa mkali mwenye kucha za kutisha. Mwaka 1946 Harold Sandy akamchora akitabasamu, mwenye manyoya ya buluu, kichwa chekundu, mdomo na viatu vya njano. Huyo ndiye anayetumika hadi leo, na mwaka 1971 akaongezewa mdogo wake, Baby Jay, aliyeanguliwa kutoka katika yai kubwa uwanjani mbele ya mashabiki.

Sina ugomvi na tabasamu la Sandy. Ninachokitaka ni kwamba mwanafunzi mpya, siku anapofundishwa wimbo wa kushangilia timu za chuo, «Rock Chalk, Jayhawk», ambao asili yake ni kibwagizo kilichotungwa na profesa wa kemia mwaka 1886, aelezwe pia kilichotokea Lawrence mwaka 1863 na kwa nini, na aoneshwe michoro yote ya awali, ikiwemo ile yenye hasira.