Mrija wa polima na risasi katika mchicha wa Msimbazi

Mchicha unaolimwa kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, umezua swali lilelile kwa miaka mingi: una risasi, ile metali yenye sumu, kiasi gani? Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 kwa kilo. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka mikrogramu 10 kwa lita. Mashine inayopima metali kwa mwali wa moto haioni vizuri kiasi kidogo namna hiyo. Zinazokiona zipo, ila bei yake, pamoja na gesi ya agoni inayoziendesha, ni mzigo kwa maabara nyingi.

Polima inaziba pengo hilo. Unajaza punje za resini, yaani polima inayonasa metali, Chelex-100 kwa mfano, kwenye mrija mwembamba, unapitisha nusu lita ya maji polepole, risasi inanaswa, kisha unaing'oa kwa mililita 5 za asidi ya naitriki. Maji yaliyokuwa na mikrogramu 8 kwa lita yanakupa asidi yenye 800, na mashine ya kawaida inasoma bila shida. Kwa maabara isiyo na fedha, huu ni msaada mkubwa, nami nautetea.

Ila mrija huohuo hukuza na makosa. Resini hunasa risasi vizuri maji yakiwa na asidi kidogo tu, pH ya 5 au 6, kwa hiyo lazima uongeze bafa, kemikali inayoshikilia pH isibadilike. Bafa ikiwa na uchafu wa risasi, nao unanaswa na kuzidishwa mara 100. Kinga ni kupitisha maji safi kwa hatua zilezile, na matokeo yake yachapishwe. Tena risasi iliyoshikamana na mabaki ya majani yaliyooza hupita bila kunaswa, na mto mchafu unaonekana msafi. Kosa hili la pili linanitisha zaidi, kwa sababu hakuna anayelalamikia namba ndogo. Dawa yake ni kuongeza kiasi kinachojulikana cha risasi kwenye maji ya mto wenyewe, baada ya kuyachemsha na asidi kuvunja mabaki hayo, na kuona kinarudi kiasi gani.

Mchicha ni mgumu zaidi. Unakaushwa, unasagwa, unapikwa kwa asidi kali, kisha asidi hiyo ipunguzwe ukali kabla ya kufika kwenye resini, huku kalsiamu ya majani ikigombea nafasi zilezile. Halafu kuna kosa ambalo si la mrija kabisa. Kikomo cha Codex ni cha mboga mbichi, na mchicha ni maji kwa takriban asilimia 90. Miligramu 2 katika kilo ya unga mkavu ni kama 0.2 kwenye fungu linalouzwa sokoni, chini ya kikomo. Ripoti isiyosema ilipima unga au jani bichi inaweza kumvunjia mkulima soko lake, au kumlisha mtoto risasi.